Maswali ya Wasomaji: Kikosi cha Pokémon Chenye Uwiano

Barua za toleo hili zinahusu Pokémon ya ushindani, na karibu zote ni za mchezo wa wawili kwa wawili unaoitwa VGC. Kwa wasioujua: unakuja na kikosi cha sita, unaonyeshwa sita wa mpinzani, unapewa sekunde 90 kuchagua wanne wa kuingia nao, na mchezo unawahesabu wote kuwa wa levo ya 50. Mifano yetu ni ya Scarlet na Violet. Orodha ya Pokémon wanaoruhusiwa hubadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo itazame kabla hujanakili kikosi cha mtu. Majina ya mapigo, vipaji na vifaa tumeyaacha yalivyo kwenye skrini ili usipate shida kuyatafuta.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Kikosi changu ni Charizard, Gyarados, Venusaur, Raichu, Lucario na Gengar. Nimepata Moto, Maji, Nyasi, Umeme, Ngumi na Mzuka, yaani sijarudia kitu. Mbona bado nachapwa kila nikiingia mtandaoni? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa sababu umehesabu aina badala ya kuhesabu kazi. Ni kama kocha anayepanga timu ya mpira kwa kuangalia rangi za viatu. Hao sita wako, jinsi ulivyowaorodhesha, wote wanakuja kupiga. Hakuna anayebadilisha nani aanze na nani afuate, hakuna anayemkinga mwenzake. Na hata hesabu yenyewe ya aina haiko sawa: Raichu, Lucario na Gengar wote watatu wanaumizwa maradufu na Ardhi, na Charizard anapigwa mara nne na Mwamba. Garchomp mmoja mwenye Earthquake na Rock Slide anakuharibia siku.

Anza na wawili, usianze na sita. Chukua Pelipper na Archaludon. Pelipper akiingia tu, kipaji chake Drizzle kinaleta mvua ya zamu 5. Archaludon ana pigo linaloitwa Electro Shot ambalo kwa kawaida linakula zamu nzima kujikusanya. Ndani ya mvua linatoka papo hapo, na bado linampandisha Special Attack ngazi moja kila analitumia. Hapo tayari una njia ya kushinda: mvua ikae, Archaludon apige mara mbili au tatu, mechi iishe.

Sasa jiulize wawili hao wanaogopa nini. Archaludon ni Chuma na Joka, anaumizwa maradufu na Ngumi na Ardhi. Pelipper ni Maji na Ndege, Umeme unampiga mara nne na Mwamba mara mbili. Wanne wanaobaki wanatafutwa kwa ajili ya hofu hizo, si kwa sababu ni wazuri tu.

Amoonguss anapunguza nusu ya Umeme na nusu ya Ngumi, ana Rage Powder ya kuvuta mapigo yaje kwake, na Spore ya kulaza asiyefaa kuachwa macho. Incineroar analeta Intimidate, inayoshusha Attack ya wapinzani akiingia, na Fake Out, pigo la kutangulia linalomkosesha mtu zamu. Ila hapa ndipo wengi wanapojikwaa: Incineroar naye anaumizwa na Ngumi na Ardhi, sawasawa na Archaludon. Ukiwasimamisha pamoja mbele ya Garchomp umemrahisishia kazi. Kwa hiyo wa tano awe Dragonite, ambaye Ardhi haimgusi na Ngumi anaipunguza nusu. Wa sita ni Basculegion, Maji na Mzuka: Ngumi haimgusi kabisa, na kipaji chake cha Swift Swim kinamzidishia kasi mara mbili mvua ikinyesha.

Pitia tena orodha nzima kwa aina moja moja. Ngumi: wawili wanaumia, watatu wanaipunguza, mmoja haimgusi. Ardhi: wawili wanaumia, Pelipper na Dragonite haiwafikii. Umeme: Pelipper na Basculegion wanaumia, Archaludon na Amoonguss wanaupunguza. Mwamba ndio unaotisha, kwa sababu unawaumiza Pelipper, Dragonite na Incineroar, na anayeupunguza ni Archaludon peke yake. Jawabu ni pigo moja kwa Pelipper: Wide Guard, inayozuia Rock Slide, Earthquake, Heat Wave na mapigo mengine yote yanayowafikia wawili kwa mkupuo. Pengo kama hilo unaweza kuliziba kwa pigo moja bila kumfukuza mchezaji.

Vifaa vinafuata mwisho, na kanuni haikubali viwili vinavyofanana ndani ya kikosi. Focus Sash kwa Pelipper, ili asianguke kwa pigo moja kabla hajafanya kazi yake. Assault Vest kwa Archaludon, inayompa Special Defense mara moja na nusu, kwa sababu ulinzi wake wa upande huo ni mdogo, 65 ya msingi. Kumbuka tu kwamba anayevaa Assault Vest haruhusiwi kutumia Protect (pigo la kujikinga) wala pigo lolote lisiloumiza, kwa hiyo mapigo yake yote manne yawe ya kushambulia. Tunaona makosa hayo hata kwa watu wenye uzoefu: Protect imekaa kwenye orodha na mechi nzima haibonyezeki.

SWALI: Kila kikosi ninachonakili kina namba ndogondogo za EV, mara 12, mara 20, mara 116. Mimi naweka 252 kwenye shambulizi, 252 kwenye kasi na 4 popote. Hizo ndogo zina maana gani jamani, au ni mbwembwe? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Si mbwembwe. EV ni pointi za mazoezi zinazoongeza sifa za Pokémon. Jumla yake ni 510 na sifa moja haivuki 252. Kwenye levo ya 50, kwa Pokémon mwenye IV (pointi za kuzaliwa nazo) ya 31, EV 4 za kwanza zinaongeza pointi moja, na baada ya hapo kila pointi inagharimu 8. Ndiyo maana namba zenye faida ni 4, 12, 20, 28, 36 na kuendelea hivyo hadi 252. Ukiweka 16 umepata kilekile cha 12, nne zimepotea bure.

Tumchukue Archaludon yuleyule. Kasi yake ya msingi ni 85. Bila EV yoyote na bila tabia ya kumwongezea wala kumpunguzia, kwenye levo ya 50 anafika 105. Pelipper akitumia Tailwind kasi inazidishwa mara mbili, inakuwa 210. Hapo amempita Flutter Mane aliyejazwa kasi yote, ambaye anaishia 205. Lakini Dragapult aliyejazwa yuko 213. Ongeza EV 12 kwa Archaludon: anakuwa 107, na chini ya Tailwind 214. Kwa pointi hiyo moja ya tofauti, Dragapult sasa anapigwa kabla hajafungua mdomo. EV zilizobaki zigawe 252 kwenye HP na 244 kwenye Special Attack. Umetumia 508, na kwenye Special Attack umekosa pointi moja tu ukilinganisha na kujaza 252.

Linganisha na mtindo wako. Ungeweka 252 kwenye Speed ya Archaludon, angefika 137, na chini ya Tailwind 274. Nani hasa unayemkimbia kati ya 214 na 274? Wachache sana, na wengi wao ni wale wenye Choice Scarf ambayo inawazidishia kasi mara moja na nusu. Dragapult mwenye Scarf yuko 319, humpati kwa namna yoyote. Umetumia EV 240 za ziada kukimbia kivuli, wakati zingekuwa kwenye HP zingemfanya asimame pigo moja zaidi.

Utaratibu ni huu. Andika majina ya watano au sita unaokutana nao mara nyingi. Kwa kila Pokémon wako amua anatakiwa kumpita nani, akiwa na Tailwind au bila. Weka EV za kutosha kumpita kwa pointi moja. Zinazobaki zipeleke kwenye kubeba pigo maalumu unalolijua, na hapo tumia kikokotoo cha madhara. Kikokotoo kitakuonyesha kwamba kila pigo lina matokeo 16, kuanzia asilimia 85 hadi 100 ya nguvu yake. Kikisema uwezekano wa kuanguka ni 43.75, maana yake ni 7 kati ya 16. Ukiongeza EV 8 kwenye HP pengine zinashuka hadi 3 kati ya 16. Hizo ndizo namba zako za ajabu.

Kwa anayecheza kwenye kaseti yenyewe ya Switch: Carbos moja inaongeza EV 10 za Speed na inauzwa 10,000 kwenye duka la Chansey Supply ndani ya mchezo, Swift Feather moja inaongeza 1. Kwa hiyo 12 ni Carbos moja na manyoya mawili. Ukizidisha, tunda la Tamato linapunguza 10. Fanya hesabu hizo kabla hujamlisha, maana mechi za kawaida dhidi ya Pokémon wa porini nazo zinamwongezea EV za sifa usizozitaka.

SWALI: Trick Room inanimaliza. Nikiona Farigiraf au Porygon2 najua nimeshashindwa. Kuna dawa? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Zipo, lakini kwanza ujue inavyohesabiwa. Trick Room, inayowafanya wazito wawatangulie wenye kasi, hudumu zamu 5, na ile ya kuiwekea imeshahesabiwa humo. Kwa kuwa huwekwa mwisho kabisa wa zamu, mpinzani wako anabaki na zamu 4 za kuifaidi. Tailwind ni zamu 4 kwa hesabu hiyohiyo, ila yenyewe inaanza kazi palepale: mwenzako ambaye hajapiga bado anaifaidi zamu ileile.

Dawa ya kwanza ni kuizuia isiwekwe. Incineroar anatumia Fake Out kwa yule anayetaka kuiweka, mwenzake anampiga huyohuyo. Kwa Porygon2 inafanya kazi. Kwa Farigiraf haifanyi, kwa sababu kipaji chake Armor Tail kinazuia mapigo ya kutangulia yasimfikie yeye wala aliye pembeni yake. Fake Out haimgusi Mzuka pia, na uwanja ukiwa na Psychic Terrain ya Indeedee inagonga ukuta kwa kila anayesimama chini. Taunt, inayomzuia mtu kutumia mapigo yasiyoumiza, ni nzuri kuliko Fake Out kwa Farigiraf, hakikisha tu hajashika Mental Herb, kifaa kinachoifuta. Taunt inayotumwa na mwenye Prankster (kipaji kinachotanguliza mapigo yasiyoumiza), kama Whimsicott, nayo inazuiwa na Armor Tail, kwa hiyo unahitaji mtumiaji wa kawaida aliye na kasi.

Dawa ya pili, na ndiyo tunayoipendekeza zaidi, ni kuzila zile zamu. Zamu ya 1 imewekwa. Zamu ya 2 mmoja wako anatumia Protect, mwingine anatoka na Incineroar anaingia, Intimidate inawashusha nguvu wapigaji wao. Zamu ya 3 Incineroar anatumia Fake Out, maana kila akiingia upya anaipata tena, na wa pembeni yake anatoka ili Amoonguss aingie. Zamu ya 4 Amoonguss anatumia Spore au Rage Powder. Zamu ya 5 ni ya mwisho, Protect sasa inaweza kutumika tena bila wasiwasi. Usiitumie mara mbili mfululizo kwa Pokémon yuleyule, kwa sababu ya pili inafaulu mara moja tu kati ya tatu. Ukifika zamu ya 6 una watatu waliosimama, mechi ni yako.

Dawa ya tatu ni kuwa na mtu wako anayeipenda Trick Room. Amoonguss ana kasi ya msingi 30. Akiwa na IV ya Speed 0 na tabia ya Sassy au Relaxed anashuka hadi 31 kwenye levo ya 50, kwa hiyo ndani ya Trick Room ya mpinzani yeye ndiye anayetangulia, na Spore yake inatoka kabla ya karibu wote. Torkoal ni mmoja wa wachache wa kuwaogopa, huyo anashuka hadi 22. Na usisahau kwamba Spore haimlazi Pokémon wa Nyasi wala aliyeshika Safety Goggles.

SWALI: Nina kikosi cha mvua, nikikutana na Torkoal jua linabaki juu hata kama Pelipper ameingia wakati mmoja naye. Ni hitilafu ya mchezo? — Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Wakiingia pamoja mwanzoni mwa mechi, kipaji cha mwenye kasi kinatangulia kufanya kazi na cha mzito kinafuata, na hali ya hewa ya mwisho ndiyo inayobaki. Pelipper ana 65 ya msingi, Torkoal 20, kwa hiyo mvua inaanza kisha jua linaifuta. Kwa Ninetales wa Alola, anayeleta theluji na mwenye 109, ni kinyume chake, mvua ndiyo inayobaki.

Usimwanzishe Pelipper mbele ya Torkoal. Anza na Incineroar na Dragonite, subiri jua liwekwe, kisha mwingize Pelipper katika zamu ileile unayodhani Torkoal atatumia Eruption. Kumbadilisha mchezaji hutangulia mapigo yote, kwa hiyo mvua itanyesha kabla ya Eruption kutoka, na pigo la Moto ndani ya mvua linabaki nusu. Mpinzani sasa lazima amtoe Torkoal na amrudishe ili apate jua tena, na hiyo ni zamu moja ya bure kwa Archaludon.

Kwa Tyranitar, anayeleta mchanga, mambo ni ya pointi chache. Tyranitar asiye na EV za kasi yuko 81, Pelipper asiye na EV yuko 85, maana yake mchanga unashinda. Wapo wanaompunguzia Pelipper kasi makusudi ili awe wa mwisho. Sisi hatuoni faida yake isipokuwa kama Tyranitar amejaa mtandaoni msimu huo, kwa sababu Pelipper mzito anachelewa pia kuweka Tailwind.

SWALI: Kila kikosi kina Incineroar. Hivi bila yeye haiwezekani? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Inawezekana, ila kazi zake lazima mtu azibebe. Anashusha Attack ya wapinzani wote wawili hadi theluthi mbili kila akiingia, ana Fake Out, na Parting Shot inamtoa salama huku ikishusha tena. Ni shida kupata yote hayo kwa Pokémon mmoja.

Ubaya wake unaonekana mbele ya Kingambit mwenye Defiant. Intimidate inamshusha ngazi moja, Defiant inampandisha mbili, mwisho wa hesabu umempa Attack ya bure. Ukimwona Kingambit kwenye sita wa mpinzani, Incineroar akae nje au aingie Kingambit akiwa hayupo uwanjani. Kifaa cha Clear Amulet nacho kinaifuta Intimidate kimyakimya, watu wanasahau kuisoma.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi nampenda Pachirisu tangu utotoni. Rafiki zangu wananicheka, wanasema Pokémon wa mapambo. Nimwache? — Msomaji, Zanzibar

JIBU: Waalaykumu salaam. Usimwache, lakini mpe kazi anayoiweza. Mwaka 2014 mjini Washington, Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu kikosini, na watu walishangilia kama muujiza. Haukuwa muujiza. Mchezaji wake mkuu alikuwa Gyarados, ambaye ni Maji na Ndege na anapigwa mara nne na Umeme. Pachirisu ana Follow Me ya kuvuta mapigo, na kipaji chake Volt Absorb kinageuza Umeme kuwa tiba: badala ya kuumia anarudishiwa robo ya HP. Nuzzle inapoozesha kila ikigonga, Super Fang inakata nusu ya HP iliyobaki bila kujali ulinzi wa mtu. Hakuna hata pigo moja hapo linalotegemea nguvu zake, na nguvu zenyewe hana.

Kwenye kikosi tulichokijenga juu, Pelipper ana tatizo lilelile la Gyarados. Pachirisu anaweza kuchukua nafasi ya Amoonguss. Utakachopoteza ni Spore, na cha pili ni hiki: Ardhi sasa itawaumiza Archaludon, Incineroar na Pachirisu, watatu. Kwa hiyo ukimwingiza Pachirisu, Incineroar ampishe mtu ambaye Ardhi haimtishi, la sivyo kila mwenye Earthquake atakushukuru. Na usijaribu kumfanya mpigaji. Special Attack yake ya msingi ni 45.

SWALI: Terastal nimtumie nani, na wakati gani? Mimi huitumia zamu ya kwanza ili nipige kwa nguvu. — Msomaji, Kigoma

JIBU: Terastal, yaani kumbadilisha Pokémon aina katikati ya mechi, ni mara moja tu kwa mechi, kwa Pokémon mmoja. Akibadilika anapoteza udhaifu wa aina zake za zamani lakini nyongeza ya nguvu kwa mapigo ya aina hizo inabaki. Ndiyo maana kwa Archaludon tunapendelea Fairy: Ngumi anaipunguza nusu, Ardhi inamwingia kawaida tu, na Electro Shot inapiga kama zamani. Nyasi nayo ni nzuri akikutana na Amoonguss wa mpinzani, kwa sababu Spore haitamlaza na Rage Powder haitamvuta.

Zamu ya kwanza ni mapema mno kwa kawaida. Ishike mpaka uone pigo la mpinzani ambalo ungelifia, ulibebe kwa Terastal, ulijibu zamu hiyohiyo.

SWALI: Nimezoea mmoja kwa mmoja wa sita kwa sita, ule wa OU wa Smogon. Mafunzo yenu ya VGC yanafaa huko? — Msomaji, Muscat

JIBU: Machache. Kwenye OU, mtindo wa jumuiya ya wachezaji ya Smogon, unaingia na wote sita, levo 100, na kila EV 4 ni pointi moja, kwa hiyo 252, 252 na 4 si dhambi. Kinachotawala ni mitego ya chini. Stealth Rock inamkata anayeingia sehemu moja ya nane ya HP. Mwenye udhaifu wa Mwamba robo. Charizard nusu nzima, kila akiingia. Mpe Heavy-Duty Boots, kifaa kinachokinga na mitego, au usimlete.

Kikosi cha OU kisicho na wa kuweka mitego na wa kuifagia hakijakamilika. Great Tusk anafagia kwa Rapid Spin, ila Mzuka anaizuia. Wengine wanatumia Defog, na Gholdengo anaizuia kwa kipaji chake. Gholdengo ni Chuma na Mzuka, maana yake anazuia zote mbili, kwa hiyo mfagiaji wako awe na namna ya kumuumiza. Great Tusk ana Earthquake, na hiyo inamtosha. Protect, Fake Out na Wide Guard viache VGC.

SWALI: Nacheza Pokémon Showdown kwenye simu, sina Switch. Nitajuaje kikosi kimekaa sawa au nimebahatika tu? Nikifungwa mechi mbili huwa nabadilisha watatu. — Msomaji, Eldoret

JIBU: Kufungwa mechi mbili hakukwambii kitu. Rock Slide inakosa mara moja kati ya kumi, na ikigonga ina asilimia 30 ya kumfanya mtu akose zamu. Mechi mbili zinaweza kupotea hapo tu. Cheza walau ishirini kabla hujamgusa mtu, na ukibadilisha badilisha kitu kimoja: pigo, kifaa, au mchezaji. Ukibadilisha watatu hutajua nani alikuwa tatizo.

Kabla ya mechi ya kwanza andika kwenye daftari aina za vikosi unazokutana nazo: mvua, jua, Trick Room, Tailwind ya haraka, na wale wa kujilinda polepole. Mbele ya kila moja andika wanne utakaowaingiza, wawili wa kuanza na wawili wa nyuma, na nani kati yao ndiye atakayemaliza. Mstari unaoshindwa kuujaza ndio udhaifu wa kikosi chako, na umeupata bila kupoteza mechi. Angalia pia kama kuna jina lisilotokea kwenye mstari wowote. Huyo ndiye wa kutolewa, hata kama ndiye uliyempenda. Na kama jina moja limo kwenye mistari yote, jua kwamba mpinzani naye atalitafuta hilo kwanza.

Kila mechi uliyofungwa hifadhi marudio yake, kisha tafuta zamu ambayo mambo yaligeuka. Mara nyingi si ya mwisho, ni ya pili au ya tatu, pale ulipompeleka mtu ambaye ulimhitaji baadaye. Andika jina la Pokémon aliyekuumiza na zamu yenyewe. Jina moja likirudi mara tano katika ishirini, hapo sasa una sababu ya kubadilisha kitu.

Ukishazoea, hamia kwenye mechi za mbili kati ya tatu, yaani anayeshinda mbili ndiye mshindi. Mashindano makubwa huchezwa hivyo, tena kila mmoja anasoma karatasi ya mwenzake: mapigo, vifaa, vipaji na aina ya Terastal vinaonekana, ila EV na tabia havionekani. Ndiyo maana ile pointi ya 214 dhidi ya 213 inauma kweli mashindanoni: mpinzani amesoma kila kitu chako isipokuwa hicho. Kwa simu, zima michoro inayotembea kwenye mipangilio ya Showdown ili mechi isivute muda, na vikosi vyako vitunze kama maandishi kwenye ujumbe uliojitumia mwenyewe, maana ukifuta data ya kivinjari vinaweza kuondoka nayo.